Vifungo vya Mtoni

Fundi cherehani alikuwa akiramba mawe. Mtaa mzima ulijua, na ndiyo sababu wakambandika jina la Mama Kokoto. Alikuwa akisimama ukingoni mwa mto, gauni amelikunja magotini, anaokota jiwe, analipitisha ulimini, kisha analiinua juani alione. Jiwe kavu huficha rangi yake; likilowa hutoboa siri. Mekundu, ya kijani, ya rangi ya asali, yote aliyabeba nyumbani.

Huko aliyatia ndani ya kipipa cha plastiki pamoja na maji na unga mgumu wa kuyasugua hadi yang'ae, na mota ya cherehani yake ya zamani ikakizungusha wiki baada ya wiki. Alianza na unga wa chenga, akaja na ule laini, akamalizia na ule ulio kama poda. Bandu bandu huisha gogo, alikuwa akisema. Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye chumba chake kilipakana na ngurumo hiyo, alisema hajapata kuona mtu anayepika mawe mwezi mzima na bado hayaivi.

Kisha binti wa Mama Kokoto akachumbiwa, akasema gauni lake la harusi anataka lifungwe kwa vijiwe vya mama. Mama Kokoto alivimba kichwa, haki yake. Ila shangazi ana neno lake kwa bibi harusi, na la shangazi huyu lilikuwa zito.

"Mtoto wa kaka yangu havai kokoto," alisema wifi. "Labda zing'ae kushinda vifungo vya dukani."

Fundi akapiga moyo konde. Akachagua vijiwe vyekundu, vidogo kama maharage. Kosa lake lilikuwa la ufundi cherehani hasa: aliosha kipipa kwa brashi ileile ya kufagilia nyuzi kwenye mashine, tangu unga wa kwanza hadi wa mwisho, na chembe za chenga zikajificha ndani ya nywele za brashi. Alipofungua, vijiwe viliwaka. Wifi akavitandaza juu ya kitambaa, akakaa kuvitazama. Vilipokauka vilififia, mikwaruzo kila upande.

"Mng'ao wa maji huo," alisema. "Wa kuazima."

Neno hilo lilimchoma Mama Kokoto kwa kuwa lilikuwa kweli. Hata hivyo jiwe si kama maji yaliyomwagika, hilo hurudishwa kipipani. Alitupa brashi, akatafuta nyingine, kila unga na yake, akaanza upya huku harusi ikibisha hodi. Kila asubuhi alitega sikio kwenye kipipa kabla hata ya kunawa uso. Mumewe alimshauri kwa upole wanunue vya dukani, vikae akiba. Alijibiwa anunue, kama atavivaa yeye.

Siku ya kujaribu gauni, vijiwe vilikuwa vimeshonwa kifuani kwa vikonyo vya shaba vya kupitishia uzi, alivyovibandika nyuma yake fundi saa wa jirani. Wifi aliingia, akavaa miwani, akashika kifungo cha juu. Akakifuta kwa kitambaa. Akakifuta tena, akashuku kimepakwa mafuta. Mwisho, mbele ya wote, aliinama akakiramba.

Wakasubiri kikauke. Mama Kokoto aliusikia moyo wake ukigonga kushinda kipipa. Mate yakakauka, wekundu ukabaki palepale, na ndani yake dirisha la chumba likaonekana, dogo na zima.

"Haya," alisema wifi. "Yameiva."

Mama Kokoto aligeukia mashine akijifanya anatafuta mkasi. Alikuwa akilia, na hakuwahi kujiona mkubwa namna ile maishani mwake.

Siku ya harusi wageni waliuliza vifungo vile vinauzwa wapi. Wifi, ambaye hajawahi kulowesha hata ukucha mtoni, ndiye aliyewahi kujibu.

"Dukani hamvipati. Tuliokota wenyewe, mimi na wifi yangu. Unaramba kwanza, ndipo unajua."

Mama Kokoto aliyasikia yote. Akainua kichwa, akaenda kusimama ubavuni mwa mwenzake.