Kuni za Wakonyo

Wanawake wa Giakanja wakileta kuni, mwanamume hutoka nje. Ndivyo tulivyokuwa mwaka ule wa sabini na tatu: mke akijifungua, majirani huja na mizigo ya kuni, maharagwe meusi ya njahi na vibuyu vya uji, na baba mtoto hukaa uani kama mgeni. Nami nikakaa. Mke wangu Wakonyo alikuwa na wiki moja tu tangu amzae binti yetu Watiri, na nilikuwa na furaha ya kijinga.

Kisha nikamsikia akilia ndani.

Nilipofika mlangoni, mama yangu aliuziba kwa mwili wake.

"Unaenda wapi? Ni maziwa inashuka. Hata mimi ilinichoma hivyo nikikuzaa."

"Si maziwa," Wakonyo akasema kutoka kitandani, jasho likimtiririka. "Baba Watiri, kifua inanikaba. Hii mkono yote ni nzito, mpaka kwa taya."

Wanawake wakacheka kwa upole. Ati ni uzazi wa kwanza. Wakamkanda matiti kwa kitambaa cha moto, wakamshikia kibuyu anywe. Walimpenda, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Wangekuwa maadui, ningejua pa kupeleka hasira yangu.

Nilimsukuma mama nikaingia. Nikambeba Wakonyo hadi kwenye pikapu ya Moffat, jirani yetu, tukateremka mjini. Zahanati ya kwanza tuliyoikuta, daktari alimsikiliza kifua mara moja tu. Nikamuuliza kama si moyo.

"Moyo?" akaniuliza, kana kwamba nimemtukana. "Msichana kama huyu? Moyo ni ugonjwa ya wazee. Amechoka tu. Mpatie uji."

Uji tena!

Tulikuwa bado kwenye benchi Wakonyo aliponishika koti. "Uwaambie sikuwa nadeka," akasema. Mkono ukalegea. Nilipiga kelele, wauguzi wakaja mbio, wakasimama tu.

Daktari mkubwa aliyeuchunguza mwili wake baadaye alisema ulikuwa moyo kweli, mshipa wake umeziba. Huwapata wachache waliotoka kujifungua. Hata yeye, akasema, hakuwa na dawa ya kumwokoa.

Nyumbani nilikuta kuni zimeegemezwa ukutani, kamba hazijafunguliwa. Ndizo zilizochemsha chai ya waombolezaji.

Niliwaambia wanawake alichosema Wakonyo, kwamba hakuwa akideka. Mama yangu aliongeza kuni nyingine motoni, huku amempakata Watiri, aliyekuwa akililia maziwa.