Shimo Mbele ya Jukwaa

Alfajiri, kabla taa haijawashwa, Leonila alisikia kipago cha tatu cha ngazi ya nyumba kikilia kii, akajua mumewe amerudi. Opera ilikuwa imekwisha saa nne za usiku. Saa zote zilizobaki Casiano alikuwa akipanda kutoka kazini.

Alikuwa mpiga klarineti katika jumba la opera la Iloilo, mji wa kisiwa kilichotawaliwa na Hispania. Humo Wahispania huketi mbele na wenyeji huketi roshani ya juu, jirani na popo. Mwezi wa Februari, mke wa tajiri mmoja wa sukari alilalamika kwamba vichwa vya wapiga muziki vinamziba asione viatu vya mwimbaji. Seremala akaitwa, akaishusha sakafu yao kimo cha mtu aliyeketi. Baada ya hapo sakafu iliendelea kushuka yenyewe, pima moja kila onyesho, na hakuna aliyeona haja ya kumwita seremala tena.

Casiano aliweka chaza sita mezani. "Ukuta wa huko umeanza kuota hawa," alisema. "Watamu."

"Baba Ising, mimi sikuolewa na mchimba kisima."

"Mzee Macario wa trombone anasema tukienda hivi mpaka Juni tutatokea Hispania. Tutampigia malkia, nauli bure."

"Mwambie Macario mkewe ameshazoea kulala na paka."

Casiano alicheka kidogo, akalala na viatu vyenye tope. Ilipofika adhuhuri aliondoka, maana kushuka nako kulikuwa safari. Binti yao Ising, mwenye miaka minne, alimjua baba kama mtu anayelala.

Mwezi wa Mei ngazi ya shimoni ikawa fupi, na mianzi mirefu kuliko ile haikupatikana kisiwani. Wapiga muziki wakabaki huko huko. Kila adhuhuri Leonila alipita mlango wa nyuma wa jumba akateremsha kikapu kwa kamba: wali, samaki mkavu, na Jumamosi shati safi. Kikifika, Casiano alivuta kamba mara mbili. Ising alipenda kuishika kamba wakati huo. Alikaa ameikumbatia, hataki kuachia, mpaka mama amwambie twende.

Leonila alimwendea Don Fermin, meneja wa jumba, akamkuta anakunywa chokoleti.

"Bwana, nakuomba sakafu ipandishwe. Mtoto wangu anacheza na kamba akidhani ndiye baba."

"Ipandishwe?" Don Fermin aliweka kikombe chini. "Mama, tangu washuke, muziki unakuja umelainika, kama umepita kwenye hariri. Zamani trombone ilikuwa inawabwekea mabibi usoni. Kampuni ya opera imeongeza miezi miwili ya maonyesho kwa ajili ya watu wenu. Ungefurahi."

"Nifurahi na nani, bwana?"

"Na mtoto," alisema, na hakuwa na ubaya usoni. "Hata hivyo umekuja vizuri. Kikapu chako kinanuka. Jana harufu ya samaki ilimfikia mke wa gavana, msichana wa jukwaani akiwa ndiyo kwanza anakata roho. Bibi akacheka. Basi kuanzia leo hakuna kikapu. Jumba litawashushia mkate, kila siku, onyesho likiisha."

"Onyesho likiisha? Bwana, atapulizaje na tumbo tupu?"

"Anapuliza vizuri sana," alisema Don Fermin.

Leonila alirudi nyumbani na kikapu kimejaa. Alikizungusha huku na huku jikoni, akakiweka, akakiinua tena. Jioni alimvika Ising gauni la kanisani, wakapanda roshani ya juu. Hakujua anachoendea. Alitaka tu kuwa mahali mumewe alipo, hata kama ni juu yake kwa pima sabini.

Mwimbaji alitokea na viatu vyeupe. Kila mtu aliviona. Alipoanguka kitandani kufa, klarineti ilianza, mbali kabisa, na Leonila aliisikia inavyotafuta nguvu. Kabla ya noti ya mwisho pumzi ilikatika kidogo. Mabibi wa mbele waliona huo ndio utamu wenyewe. Wakafuta macho, wakapiga makofi, wakataka irudiwe. Don Fermin akainama ukingoni mwa shimo, akapaza sauti kuwaambia walio chini. Watu wakangoja amri ifike.

Ikafika. Klarineti ikaanza upya, na safari hii pumzi ilikatika mapema zaidi. Mke wa gavana akaufunga upepeo wake asikose chochote. Jumba zima likanyamaza, na katika kimya hicho Ising alisimama juu ya benchi, akashika ukingo wa roshani, akasema kwa sauti:

"Baba ana njaa."