Mwezi Uliobebeshwa Lawama

Fundi magodoro hakuwa mwanamke wa kutishika ovyo. Nyoka aliyejificha kwenye pamba yake alimmaliza kwa fimbo ya kuchambulia, kisha akarudi kushona kana kwamba hakuna kitu. Lakini mwezi wa Safar alikuwa hauchezei. Godoro la bibi harusi halikushonwa kwake katika Safar hata umpigie magoti, na aliyebisha alioneshwa mlango.

Kwa hiyo bintiye, mwalimu wa chekechea, alijua anachokifanya alipongoja imamu wa mtaa aje kuchukua mito yake ndipo afungue mdomo.

"Sheikh, mchumba wangu amepata kazi mbali, anaondoka mwisho wa mwezi huu. Tukioana kabla, tunakwenda pamoja. Tukingoja, harudi mpaka miaka miwili. Mama anasema Safar ina mkosi."

"Wewe mtoto!" Mama aliichomeka sindano yake ndefu kwenye godoro. Alitegwa, tena kwake mwenyewe.

Imamu alijiegesha juu ya gunia la pamba. "Bi Fundi, Mtume, rehema na amani zimshukie, alishakanusha mambo ya mkosi wa Safar. Watu wa zamani waliikimbia hata Shawwal, wakisema ndoa yake haidumu. Bibi Aisha aliolewa Shawwal, akawa anawauliza, ni mke gani alipendwa kumshinda yeye? Miezi yote ni ya Mungu, dada yangu."

"Ya vitabuni unayajua wewe, Sheikh. Mimi najua yaliyonikuta. Niliolewa Safar. Mume akaondoka huyu akiwa bado ananyonya. Hatukugombana, hatukutupiana neno. Kama si mkosi, ni nini?"

Imamu aliinuka, akaibeba mito yake. Alisema tu kwamba kwa vyovyote vile binti anahitaji walii wa kumwozesha, na kwa kuwa baba yake yu hai, itabidi aitwe.

Baba alikuja kesho yake alasiri. Alikuwa kinyozi upande wa pili wa mji, na siku hizi kichwa chake kilikuwa na mvi nyingi kuliko vichwa vya wateja wake. Binti alimvutia kigoda. Fundi hakuinua macho.

"Mwambie mwanao kuhusu Safar," alisema. "Unajua mwenyewe ilivyotufanya."

Ilikuwa rahisi kuitikia. Fundi alikwisha kusikia kwamba kila alipoulizwa ndoa yake ya kwanza ilikwendaje, mtu huyu alijibu kuwa ilifungwa Safar, na watu wakamhurumia. Safari hii kinyozi alimtazama binti yake.

"Mwezi haukunifanya kitu," alisema. "Nilichoka na kilio cha mtoto, nikaona kwingine kwepesi, nikaenda. Kwa miguu yangu."

Binti aliinamisha kichwa. Fundi aliiacha sindano. Miaka yote aliuchukia mwezi kwa sababu kufanya hivyo kulimuuma kidogo kuliko kumchukia mtu aliyempenda, na alilijua hilo sasa hivi tu, akiwa amekaa sakafuni na pamba mapajani.

"Mbona hukusema?"

"Ulishaupa mwezi lawama. Nami ilinifaa."

Hasira ikampanda Fundi, mbichi kabisa, kama vile ameachwa asubuhi ile. Akalia mbele yake bila kujificha. Binti alitaka kumshika, akamzuia kwa mkono. Alilia mpaka akatosheka, akajifuta uso kwa mtandio, akamgeukia kinyozi.

"Ndoa ni Ijumaa hii. Uje mapema," alisema. "Usipokuja, nitasema ni wewe, si mwezi."