Uwanja wa Bwana Thirkell

Baba alikuja London kututembelea mimi na mwanangu Ryan, na wiki haijaisha akawa amejipatia rafiki aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wageni wengine huomba kuonyeshwa jumba la mfalme. Baba yangu, Mzee Kibet, aliyekuwa mhandisi wa manispaa kule Kericho kwa miaka thelathini, aliomba maktaba. Akarudi na jina: Amos Thirkell, mhandisi wa mji wetu huu enzi za Malkia Victoria.

"Dinah, choo unachovuta kila asubuhi, maji yake yanapita kwa matofali ya huyu mzee," aliniambia, macho yanang'aa. "Matofali yale yale!"

Mimi ni nesi. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu inawaka, na habari za vyoo sikuzitaka. Lakini Baba akishika jambo hashikiki. Thirkell alikuta watu wanakufa kwa kipindupindu, akawajengea mitaro ya maji machafu. Mvua ikinyesha, wakubwa wenzake wakiota moto, yeye alitoka na fimbo yake kubisha hodi kwa maskini, akiuliza maji yamefika wapi. Na ule uwanja kando ya kijito, nyuma ya mtaa wetu, alikataa usijengwe, ili kijito kikifura kipate pa kumwagika. Matajiri waliotaka kujenga pale wakamfukuza kazi. Mafuriko yakaja, wakamrudisha mbio. Hapo hata mimi nilicheka, nikampenda yule mkaidi.

Mapenzi hayo yaliisha Jumatatu, barua ya nyumba ilipofika. Miaka tisa nimengoja kwenye foleni ya nyumba za halmashauri, nikilala chumba kimoja, baadaye na mtoto, juu ya duka la simu. Sasa nimepewa nyumba mpya ya vyumba viwili, ghorofa ya chini, yenye bustani. Nijibu kabla ya Ijumaa. Itajengwa wapi? Kwenye uwanja wa Thirkell.

"Usichukue," alisema Baba.

"Baba, nine years! Unajua nitangoja tena mpaka lini? Mkataa pema, pabaya panamwita."

"Maji hufuata mkondo, mama."

"Hii si Kericho. Hawa watu wamepima kila kitu na kompyuta."

"Hiyo kompyuta imewahi kulowa?"

Niliubamiza mlango. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia na marehemu wake. Ni rahisi mtu kuwa shujaa kwa nyumba ya mwenzake.

Alhamisi alinibembeleza twende na Ryan tukaone tu. Nilikubali ili nimnyamazishe. Uwanja ulikuwa umezungushiwa vigingi vya wapima ardhi, na kimoja kilikuwa na namba ya jengo langu. Nilisimama pale, akilini nikapanga kitanda cha Ryan, nikapanda sukuma wiki kwenye bustani. Sioni haya kusema nililia kwa furaha.

Hatua chache kutoka hapo kulikuwa na kibanda cha matofali cha pampu, kuukuu, kimefunikwa na majani. Baba alianza kuyang'oa kwa mikono mitupu. Chini yake tukaona mstari umechongwa ukutani, na mwaka: 1894. Chini ya mwaka, herufi mbili, A.T.

"Maji yalifika hapa," Baba alisema polepole. "Alikuja mwenyewe akachonga, ili atakayekuja baadaye asiseme hakuambiwa."

Mstari ulinifika kifuani. Nilitaka kusema hiyo ni zamani. Kabla sijafungua mdomo, Baba alimwita Ryan, akamwegemeza ukutani kama tunavyompima urefu nyumbani. Mtoto ana miaka sita. Mstari ulipita juu ya kichwa chake, vidole vinne.

Nilitazama kigingi cha jengo langu, nikatazama ukuta. Ardhi ilikuwa sawasawa, bila hata mwinuko wa tofali moja.

Nilitoa simu, nikapiga ofisi ya nyumba. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Alinieleza kwamba nikikataa nitarudi mwisho wa foleni, akaniuliza kama nina uhakika.

Ryan alikuwa bado ukutani, amesimama kwa ncha za vidole, shingo ameinyoosha, anajaribu kuufikia mstari. Haukufikika.

"Nina uhakika," nilisema.