Sekunde Nne za Dirisha la Nane

Kwa wiki tano mfuko wa Sita Mfululizo, dau la mbio za farasi, ulikuwa haujapata mshindi, na huko kusini mwa Louisiana hata mapadri walikuwa wakiuota. Kuuchukua si lelemama: unataja washindi wa mbio sita kabla ya mbio ya kwanza kuanza. Ukikosa mmoja tu, mkeka umechanika, nenda zako nyumbani ukale wali na maharage.

Mlinzi wa mfuko huo alikuwa Odile Guidry, mama wa miaka hamsini na sita, asiyecheka na mtu kazini. Geti la farasi likifunguka, anabonyeza kitufe, mashine zote za tiketi zinajifunga. Kazi ndiyo hiyo. Akichelewa, mjanja atabeti huku anaona nani katangulia.

Sasa uwanja ule ulikuwa na mazoea yake mabaya. Saa ya ubaoni, inayohesabu dakika za kuanza mbio, ilikuwa ikifika sufuri farasi wanaendelea kuzungushwa dakika tatu nne, makusudi, ili walio kwenye foleni wazidi kutoa dau. Sufuri ilikuwa sufuri ya uongo na kila mtu alijua. Jumamosi ile, mbio ya kwanza, Odile alipoiona sufuri, akageuka kumimina kahawa. Kumbe mvua ilikuwa inakuja, wakaamua kuwaachia farasi palepale. Alisikia kengele, akakirukia kitufe. Sekunde sita zilikuwa zimekwenda, na ndani yake farasi Bijou, aliyetegemewa na wote, alikuwa amejikwaa getini na kumtupa mpandaji wake.

Odile akatazama mtambo. Tiketi moja tu ilikuwa imeingia baada ya kengele, sekunde nne baadaye, dirisha la nane. Bijou hakuwemo kwenye tiketi hiyo. Akampigia simu muuzaji wa dirisha hilo.

"Nani kanunua ya mwisho?"

"Si mjomba wako Alcide! Kanikalia hapa anatafuta miwani, na miwani iko kichwani."

Alcide Broussard, mtunza farasi mstaafu, ndiye aliyemlea Odile baba yake alipofariki. Dirisha la nane liko chini ya jukwaa, linatazama ukuta. Mzee asingeweza kuona kitu. Odile alilijua hilo vizuri. Lakini nani angeamini? Tiketi ya mjomba wa msimamizi, imeingia baada ya Bijou kujikwaa!

Dawa ilikuwa moja: awaambie waamuzi hapohapo, tiketi ifutwe, mzee arudishiwe dola zake mbili. Ila ingebidi aitaje na ile kahawa. Miaka ishirini na miwili bila doa! Akajiambia, ya kwanza mzee kapata, lakini zimebaki mbio tano, mkeka utachanika wenyewe, nani atauliza?

Mbio ya pili mzee akapata. Ya tatu akapata. Ya nne Odile alisimama kwenye dirisha la ofisi yake akinong'ona, "Anguka, anguka wewe," akimwombea mabaya mtu aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Farasi wa mzee akashinda kwa urefu wa pua tu. Baada ya ya tano, tiketi iliyobaki hai uwanja mzima ilikuwa moja, ya mzee, na jukwaani watu walikwisha kumzunguka mzee, wakimlisha soseji na kumwita tajiri.

Odile akashindwa kuvumilia. Aliwaambia waamuzi yote, tiketi ikafutwa, akaomba amwambie mzee yeye mwenyewe. Akamvuta pembeni.

"Mjomba, tiketi yako imefutwa. Iliingia farasi wameshatoka."

"Acha utani, mtoto wewe."

"Si utani."

Mzee akamtazama. "Kwa hiyo mnasema nimeiba?"

"Hapana! Najua hukuona kitu. Mimi ndiye niliyechelewa kufunga."

Alcide akashusha pumzi, kisha akacheka kidogo. "Haya. Nani asiyekosea? Usilie basi. Umegundua sasa hivi?"

Angeweza kusema ndiyo. Mungu anajua alitamani kusema ndiyo.

"Tangu mbio ya kwanza."

Kicheko kikafutika usoni mwa mzee. "Muda wote huu? Ungenifuata mapema ningekupa hiyo karatasi huku nacheka. Ulikuwa unangoja nini, Odile?"

"Nilikuwa nangoja ushindwe, mjomba."

Farasi wa mbio ya sita wakatoka, uwanja ukalipuka, na mzee hakugeuka kutazama. Farasi wake, namba saba, alishinda kwa urefu wa farasi wawili. Watu, wasiojua kuwa tiketi imefutwa, wakawamiminikia, wanamkumbatia mzee, wanamtupia kofia, wanaimba jina lake, na mwanamke mmoja akambusu Odile shavuni kwa kuwa ni wa ukoo.

Alcide akaitoa mikono yao mabegani mwake, taratibu, mmoja mmoja.

"Waambie wewe," akasema. "Mimi nitaanzia wapi?"