Randa Ikinyamaza

Tangu Mzee Nyundo aanze kudungwa sindano za homoni za kiume, karakana yake ya useremala ilifufuka. Mbao alizipiga randa mwenyewe kwa mkono, huku akiimba kama bwana harusi. Mkewe alicheka naye, hadi daktari alipowaita. Damu imekuwa nzito mno, alisema, na kwa umri wa mzee na presha yake, moyo unaweza kugoma. Sindano zisimame.

"Mama watoto," mzee alimwambia njiani, "nilikuwa gogo. Unataka nirudi kuwa gogo?"

"Nataka uwe hai, baba."

"Basi hivi ndivyo nilivyo hai!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Akawa ananunua sindano kwa mchuuzi mmoja wa mtaani. Mkewe alizificha, mzee akanunua nyingine. Mama aliwaita wanawe waje kumsihi baba yao. Mzee aliwachekesha mpaka wakasahau kilichowaleta.

Siku hizi mama hupika dirisha likiwa wazi kuelekea karakana. Randa ikilia, hukoroga chungu. Randa ikinyamaza, mwiko nao husimama mpaka ilie tena.

Leo chungu kinaungua, naye bado anasikiliza.