Besi ya Mtumbwi wa Baba

Kamugisha aliyalaza magitaa yake matatu ya besi juu ya kitanda, akapiga magoti, akaanza kuyafuta kwa kanga ya mkewe. Stephania alikuwa amesimama mlangoni, ungo wa kahawa mikononi.

"Kanga yangu hiyo," alisema.

"Naijua."

"Na kitanda changu. Haya, umeamua? Fundi Sebahire anataka besi moja, sisi tunataka mtumbwi mmoja wa kukamulia ndizi. Jumamosi haiko mbali."

Kamugisha aliendelea kufuta. Mwenye mbuzi watatu huchinja yeyote. Lakini mtu mwenye besi tatu Nyabiyonza, mwaka 1991, mahali ambapo umeme ulisikika redioni tu, huyo ana ugonjwa, na mgonjwa haharakishwi.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nyuzi nne, rangi imebanduka pale mkono wa mpigaji mwingine ulipoegemea miaka mingi. Aliipata mwaka wa vita, kwa mwanamuziki ambaye bendi yake ilikuwa imesambaratika. Alimpa mbuzi na mkungu wa ndizi, na mpaka leo aliona amemdhulumu yule bwana. Ilikuwa nzito, na sauti yake ilikuja taratibu, pana, ikakaa kifuani. Ya pili ilikuwa nyeusi, nyuzi tano, imetoka Kampala miaka miwili tu iliyopita. Nyepesi, inameremeta, ina betri mgongoni, na kila noti ilitoka safi kama sahani iliyooshwa. Kamugisha aliiheshimu. Kupenda ni jambo jingine.

Ya tatu aliitengeneza mwenyewe, na ndiyo iliyoleta balaa.

Baba yake alipofariki, mtumbwi wake wa kukamulia ndizi za pombe ulibaki nyuma ya nyumba umefunikwa kifudifudi, mbuzi wakilala juu yake. Ulikuwa na ufa upande mmoja. Kamugisha akaugonga kwa kiganja, akasikia sauti nzito ya mti ulioshiba maji ya ndizi kwa miaka thelathini, akaenda kuchukua msumeno. Hakuuliza mtu. Alidhani kilichofunikwa kimetupwa. Kumbe katika ukoo wao mtumbwi wa marehemu hufunikwa mpaka mwaka wa msiba uishe, kisha mrithi huugeuza, akakamua, watu wakanywa na kucheka tena. Mrithi alikuwa kaka yake mkubwa, Rwegoshora. Siku alipokuja na ndizi zake zilizoiva, alikuta nusu ya mtumbwi na rundo la maranda.

Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita, na tangu siku hiyo Rwegoshora hakumsemesha. Mashamba yao yalipakana, mgomba kwa mgomba. Wakikutana njia ya kanisani, Rwegoshora alimsalimia Stephania, akaisalimia na baiskeli, akapita. Sasa Placidia, binti wa kwanza wa Rwegoshora, alikuwa anaagwa Jumamosi kwenda kuolewa. Kamugisha ndiye aliyemfundisha kuimba, mtoto akiruka ua kwa siri kila Jumapili jioni. Ujumbe wa Rwegoshora ulikuja kupitia kwa Stephania: aje na mtumbwi, au asije kabisa.

Naye alitaka kwenda.

Alizifunga nyekundu na nyeusi kwenye baiskeli. Ya tatu akaiacha kitandani.

Sebahire, fundi wa mitumbwi, aliishi Kituntu. Alikuwa pia mwalimu wa kwaya yenye magitaa mawili membamba, ngoma moja, na hakuna besi ya kuyashikilia kwa chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta zote mbili? Unataka kunichanganya."

"Nataka usikie mwenyewe."

Waliunganisha spika ya kwaya na betri ya gari, na Kamugisha akapiga wimbo uleule kwenye zote mbili, ule wa kutoa sadaka. Moyoni alikuwa akiomba: chukua nyeusi, mzee, chukua nyeusi. Sebahire alisikiliza amefumba macho, tezo bado mkononi.

"Hii nyeusi inasema vizuri," alisema mwishowe. "Kila neno nalisikia. Lakini nyekundu haisemi, inaitikia. Wasemaji kwenye kwaya ninao wengi mno." Akafumbua jicho moja. "Kasoro yake nini? Wewe ndiye mwenye mali. Niambie kweli."

Hapo Kamugisha angeweza kusema shingo imepinda. Neno moja tu, na angerudi nyumbani na kipenzi chake. Alitazama mtumbwi mpya uliolala kivulini, mrefu, mweupe, umechongwa na mtu asiyedanganya mti.

"Haina kasoro," alisema. "Usiiache juani tu. Ukiitunza, itakuzika."

"Basi nizikwe nayo," Sebahire alicheka.

Mtumbwi ulipakiwa kwenye pikapu ya kahawa. Kamugisha alifuata kwa baiskeli, nyeusi mgongoni, na kwenye mteremko usio na watu alilia kidogo. Akajifuta, akaendelea kukanyaga.

Alhamisi asubuhi mtumbwi uliwekwa uani kwa Rwegoshora. Mwenyewe aliuzunguka mara mbili, akaugonga, akauinamia kuunusa.

"Mzuri," aliuambia mtumbwi. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane, alimtazama mdogo wake. "Ila haumjui baba."

"Kaka…"

"Mtumbwi mpya hupewa kipande cha ule wa zamani. Kinakaa chini wakati wa kukamua, ili pombe ijue ni ya nyumba gani. Wewe ndiye mwenye mti wa zamani."

"Kuna nusu uliyobaki nayo."

Rwegoshora alitazama migomba. "Niliichoma," alisema. "Wiki ileile. Kwa hasira."

Kamugisha alijisikia vibaya kwa ajili ya kaka yake kuliko alivyowahi kujisikia kwa ajili yake mwenyewe. Alienda nyumbani, akarudi na besi ya tatu. Rwegoshora hakuwahi kuiona kwa karibu. Akampa mdogo wake panga.

"Kata wewe. Ulianza, umalizie."

Kamugisha aligeuza gitaa, akatafuta begani, mahali ambapo mkono wake ulizoea kulala, akabandua kipande cha upana wa vidole viwili. Ndani mti ulikuwa mwekundu. Harufu ya ndizi mbivu ikatoka, hafifu, baada ya miaka yote hiyo. Waliinusa pamoja, vichwa vikikaribia kugusana.

Rwegoshora aliweka kipande chini ya mtumbwi, akamwaga ndizi zilizomenywa, akatandaza nyasi, akakunja suruali na kunawa miguu. Akaingia. Kishindo kimoja kizito, viwili vyepesi. Kimoja kizito, viwili vyepesi.

"Ndiyo hiyo," Kamugisha alisema. "Ndiyo niliyokuwa naitafuta siku ile na msumeno. Sauti ya miguu ya baba. Niliogopa imekwenda naye."

Rwegoshora aliendelea kukanyaga kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka. Maji ya ndizi yalianza kujikusanya, yenye povu.

"Basi ipige tuone," alisema.

Spika haikuwepo, betri haikuwepo. Kamugisha alikaa kwenye kigoda upande mkavu wa mtumbwi, akaegemeza kitako cha besi kwenye ukingo wake, mti kwa mti, akavuta uzi mnene kuliko zote. Sauti haikusikika sana hewani. Iliingia kwenye mtumbwi, ikasafiri ubavuni mpaka ng'ambo ya pili.

Rwegoshora aliacha kukanyaga. Mguu mmoja ulikuwa juu, ukichuruzika maji ya ndizi, na ule wa chini ulikuwa umesikia. Alitazama unyayo wake, halafu mkono wa mdogo wake. Alisubiri noti nyingine, na ilipokuja, akaushusha mguu pamoja nayo, polepole.